Uru ya Kilwa

Barazani kwetu Kilwa Masoko wanaume walikuwa wakicheza karata baada ya swala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi iwatawanye. Sisi watoto hatukuruhusiwa kusogea, lakini sauti haizuiliki, na majina ya karata niliyajua kabla sijajua kusoma: shupaza, kopa, pau, uru. Ikitokea uru ndiyo turufu, mwenye nayo aliinua mkono juu ya kichwa akaishusha kwa kishindo mpaka vikombe vya kahawa vikatikisika. Hakuna aliyeuliza uru maana yake nini. Uru ilikuwa ile nyekundu yenye pembe nne, basi.

Maana yake niliipata zaidi ya miaka 40 baadaye, mjini Lisbon, mwezi wa Oktoba, mvua ikinyesha nje.

Nilikwenda Ureno kwa akiba niliyoiweka kidogo kidogo kwa miaka minne, nikakaa wiki tano. Watu waliniuliza kwa nini Ureno. Anayekwenda Ulaya kutembea, wakasema, huanzia London au Paris, na kama ni bahari tunayo ya kwetu. Matangazo ya utalii nayo huiuza nchi hiyo kwa jua, fukwe na chakula cha bei nafuu, kana kwamba ni moja ya nchi za Mediterania. Siyo. Ureno haina hata hatua moja ya pwani kwenye bahari ile. Uso wake wote umeelekea Atlantiki, bahari baridi yenye mawimbi ya kutisha, na hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu watu wake. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nimekulia ng'ambo ya Kilwa Kisiwani, nikiyatazama magofu kila asubuhi. Wareno walikuwa kwenye hadithi za bibi, kwenye vitabu vya shule na kwenye jina la ngome iliyo kando ya maji. Nilitaka kuwaona kwao.

Siku ya pili nilipanda tramu kwenda Belém, kando ya mto Tagus, ambako meli za Vasco da Gama ziling'oa nanga tarehe 8 Julai 1497. Kila mgeni hupelekwa huko. Kuna mnara mweupe ulio majini, kuna duka la vikeki vya maziwa na mayai ambalo limekuwa likioka tangu mwaka 1837, na kuna monasteri ya Jerónimos, ambayo lazima niseme ni jengo zuri kuliko yote niliyowahi kuingia. Nguzo zake zimechongwa mithili ya kamba za meli, zimesokotwa na kufungwa mafundo, na ukizitazama kwa karibu unaona kwamba fundi alikuwa anajua kazi ya kamba. Mfalme Manuel wa Kwanza aliijenga kwa kodi ya takriban asilimia 5 iliyotozwa kwenye biashara ya Afrika na nchi za Mashariki. Vasco da Gama amelazwa humo humo, mkabala na mshairi Luís de Camões, na watu hupita wakigusa jiwe.

Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mto, limesimama sanamu kubwa la mabaharia, wafalme na mapadri wakipanda kuelekea majini, watu 33 kwa jumla. Lilijengwa kwa zege na mawe mwaka 1960, enzi ya udikteta wa António Salazar, kufuata lile la muda lililowekwa mwaka 1940. Chini yake, sakafuni, kuna ramani ya dunia ya mawe ya rangi, zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya wakati ule. Watoto wa shule walikuwa wanakimbizana kutoka Brazil mpaka India. Niliitembea ramani hiyo taratibu mpaka nikafika pwani yetu, nikasimama juu yake na viatu vyangu vilivyolowa.

Wageni wengi huishia hapo. Hupiga picha, hula kikeki, hurudi hotelini wakiamini wameiona Ureno. Ubishi wangu unaanzia hapo hapo. Sanamu kubwa hujengwa na mtu anayetaka kukumbukwa kwa namna fulani, na lile la 1960 linaeleza zaidi hofu za Salazar katika mwaka ambao Afrika ilikuwa inajikomboa kuliko linavyomweleza Vasco da Gama. Sisi tunaotoka pwani ya Afrika Mashariki tunayo njia ya kuijua nchi hii ambayo wageni wengi hawana. Tunaipita bila kuiona, kwa sababu tunakwenda tukiwa tumeshakubali kuonyeshwa.

Kuna jumba la makumbusho ya taifa ya sanaa za kale katika mtaa uitwao Mtaa wa Madirisha ya Kijani. Watu hawakuwa wengi siku ile. Ndani ya kabati la kioo, kwenye mwanga uliopunguzwa, kimesimama chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu, kinachojulikana kama Custódia de Belém. Inakubalika kuwa kilifuliwa na sonara Gil Vicente. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya safari, lakini kusoma ni kitu kimoja na kukisogelea ni kitu kingine. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka duara, kila mmoja na uso wake, na mavazi yao yametiwa rangi isiyofifia baada ya miaka 500. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe mdogo kuliko kidole gumba. Chini kuna maua na ndege, na tufe za mabaharia zilizokuwa nembo ya Mfalme Manuel. Mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa na subira ya ajabu.

Niliinama kutazama kitako. Kukizunguka kuna maandishi ya herufi nyeupe, madogo, na nilianza kuyafuata kwa kidole hewani kama mtoto wa chuoni anavyofuata aya. Kireno changu ni cha kuokoteza, nilichokipata Mtwara na Pemba ya Msumbiji, lakini kilitosha. Mfalme Manuel, yanasema, aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506. Kilwa wameiandika Quiloa. Dhahabu wameiandika ouro.

Ouro. Uru.

Nilisimama pale nikaisikia karata ikipigwa barazani kwetu. Marehemu baba yangu na wenzake walikuwa wakitamka "dhahabu" kila jioni bila kujua, kwa lugha ya watu walioichukua, umbali mfupi tu wa mashua kutoka mahali ilipochukuliwa.

Mlinzi wa ukumbi, mama wa makamo aliyevaa koti la bluu, alinifuata kwa sababu nilikuwa nimekaribia kioo kupita kiasi. Nilimwomba radhi, nikamwonyesha lile neno. Akalisoma kwa lafudhi yake. Nikamwambia: mimi nimezaliwa hapo. Alinitazama, akatazama herufi, akanitazama tena. Alisema ameulinda ukumbi ule miaka mingi na alidhani Quiloa ni mahali pa zamani palipokwisha kutoweka, kama miji ya kwenye Biblia. Nikatoa simu nikamwonyesha picha: msikiti mkuu na kuba zake, ngome ya Gereza kando ya maji, vijana wakishusha samaki kutoka kwenye mashua. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kisha akaenda kumwita mwenzake kutoka ukumbi wa pili, na tukasimama watatu mbele ya kabati, mimi nikitafuta maneno ya Kireno ya "hapa ndipo tunaposhukia".

Habari yenyewe ni hii. Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa katika safari yake ya pili, safari hii akiwa na kundi kubwa la meli zenye mizinga. Alimtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwamba ataubomoa mji, na Ibrahim akatoa mithkali 1,500 za dhahabu, akakubali na kupandisha bendera ya Ureno. Dhahabu ilifika Lisbon mwaka 1503. Miaka mitatu baada ya kutishiwa, Kilwa ilivamiwa hasa: Francisco de Almeida aliiteka na kuipora Julai 1505, akaendelea kaskazini akaichoma Mombasa. Ngome waliyoijenga kisiwani kwetu waliiacha mwaka 1512, maana biashara iliyowavutia ilikuwa imekauka mikononi mwao. Ile tunayoiita Gereza leo, iliyojengwa upya na Waomani, imesimama pale pale.

Kinachonigusa ni kwamba Mfalme Manuel hakuficha kitu. Kwake yeye kodi ya Kilwa ilikuwa fahari, akaiandika kwenye chombo cha ibada ili kila padri aisome. Kusahau kulikuja baadaye. Na kusahau hakukuwa kwao peke yao. Nimefundisha shule za Mkoa wa Lindi kwa miaka mingi, na sijapata kukutana na mwanafunzi anayejua kwamba dhahabu iliyopita Kilwa ipo, imekaa mahali, ina sura, na imeandikwa jina la mji wake. Tunawafundisha kwamba Wareno walikuja wakapora. Ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa katikati. Hatuwafundishi kwamba Malindi ilimkaribisha Vasco da Gama mwaka 1498 na kumpa rubani wa kumvusha mpaka India kwa sababu ilikuwa na ugomvi wake na Mombasa. Hatuwaambii kwamba dhahabu hiyo ilichimbwa na watu wa nyanda za Zimbabwe, ikashuka Sofala, na masultani wetu wakatajirika kwa kuitoza ushuru. Kilwa ilikuwa imekwisha kuwa mtoza kodi kabla ya kuwa mtozwa kodi.

Baada ya siku ile niliacha kukimbilia majengo, nikaanza kusikiliza. Wareno wa Ulaya humeza vokali. Neno la silabi nne hutoka na mbili, na kwa wiki nzima nilidhani nimekuja nchi nyingine. Halafu sikio likafunguka. Nilipoingia duka dogo la vifaa kutafuta parafujo ya miwani yangu, sikuwa na haja ya kuonyesha kwa vidole: parafuso, alisema yule mzee, akanivutia droo. Mwenye nyumba niliyopanga aliniletea fronha mbili, nami nikapokea foronya zangu. Meza, kopo, leso, kasha, dadu, nanasi. Ukiyasikia mahali yalikotoka unatambua kwamba maneno haya siyo ya ikulu wala ya vitani. Ni ya vyombo vya meli na vya nyumbani. Watu walioyaleta kwetu hawakuwa makapteni, walikuwa mabaharia na maseremala waliokaa bandarini miezi wakisubiri upepo, wakinunua mayai, wakicheza karata na wenyeji.

Moja tu linauma. Wataalamu wa lugha wanasema gereza letu limetoka kwenye igreja, yaani kanisa. Mahali pa sala pa Mreno, kwa masikio ya Mswahili aliyekuwa nje ya ukuta, pakawa mahali pa kufungiwa. Ukumbuke pia kwamba Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, Waingereza waliigeuza jela ya serikali tangu 1895 mpaka 1958. Ni kama neno lilikuwa limeshajua.

Na kuna tabaka la chini zaidi. Waislamu walitawala sehemu kubwa ya nchi hiyo tangu karne ya 8. Lisbon ilichukuliwa na Wakristo mwaka 1147 na kusini kabisa mwaka 1249. Lugha haikuwasahau. Mkoa wa kusini unaitwa Algarve, na ndani yake imo magharibi yetu, maana kwa Waarabu ilikuwa nchi ya machweo. Alfama, mtaa wa vichochoro ambao wageni huufuata kwa muziki wa fado, ni ndugu wa hamamu. Mafuta ya zeituni ni azeite. Wazee wa Kikristo, wakitaka jambo liwe, husema oxalá, neno lililotokana na kauli ya Kiarabu ya "Mungu akipenda", na nilipomsikia bibi mmoja akilitamka kituo cha basi huku akitazama mawingu, nilitaka kumjibu inshallah. Katika mji mdogo wa Mértola, juu ya mto Guadiana, kanisa kuu lilikuwa msikiti. Kibla bado kipo ukutani nyuma ya altare. Nilikaa mbele yake nusu saa. Hakuna aliyenisumbua.

Nazaré nilikwenda kwa basi, siku ya jua. Wageni walikuwa wanapanda kwenye mnara wa taa kusubiri mawimbi, kwa sababu chini ya bahari ile kuna bonde refu mno linaloyakusanya maji na kuyarusha juu kama majumba. Mwaka 2011 Mmarekani Garrett McNamara aliteleza juu ya wimbi la mita zipatazo 24 na mji ukajulikana duniani kote. Mimi harufu ilinivuta upande mwingine.

Ufukweni, juu ya mchanga, kulikuwa na vichanja vya mbao vilivyotandazwa nyavu, na juu yake samaki waliopasuliwa mgongo hadi tumbo wakafunguliwa kama kitabu. Wanawake watatu walikuwa wanawageuza. Mkubwa wao alikuwa amevaa nguo nyeusi tupu tangu kitambaa cha kichwani, vazi la wajane wa pale, na sketi zake zilikuwa zimepandana moja juu ya nyingine. Nilisimama nikitazama mikono yake. Alimshika samaki mkiani, akamgusa nyama kwa gumba kupima unyevu, akamlaza upande wa ngozi, akanyoosha pembe mbili kwa haraka ili jua liingie kwenye mfupa. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo. Gumba lile lile, mahali pale pale, karibu na uti ambapo maji hujificha na kumwozesha ng'onda kutokea ndani.

Nilimweleza kwa maneno yangu machache kwamba kwetu tunafanya kazi hii. Hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza swali la mtu wa fani: chumvi mnatia kabla au baada ya kuosha? Tukazungumza chumvi. Tukazungumza inzi na umande. Nilipotaka kulipa samaki wanne aliowafunga kwenye gazeti alichukua bei ya watatu, akaelekeza kidole baharini, akasema mume wake na kaka yake wapo huko. Sikuuliza mwaka gani.

Mtu akikutajia Ureno na utajiri wa bahari, mkumbuke mama yule. Dhahabu ya Kilwa haikufika Nazaré. Pilipili ya India haikufika. Wanaume wa vijiji vya pwani ile, na zaidi wa Ílhavo kaskazini, walipelekwa kila mwaka kuvua chewa kwenye bahari za barafu karibu na Kanada, kila mmoja peke yake ndani ya kimtumbwi na mshipi wake, ukungu umetanda, mpaka miaka ya sabini. Chewa huyo mkavu, bacalhau, ndiye kitoweo cha taifa, na Wareno humwita rafiki mwaminifu. Ni ng'onda wa maji baridi. Vijana wengine walikimbia kabisa: kati ya 1960 na 1974 zaidi ya watu milioni moja waliihama nchi, wengi wakivuka mipaka usiku bila pasipoti kwenda Ufaransa, wakaishi kwenye vibanda vya mbao na mabati huko Champigny, nje ya Paris. Nchi iliyojiita dola la mabara mengi ilikuwa haiwezi kuwalisha wanawe.

Nilirudi Lisbon nikiwa na mtazamo mwingine, na nikaenda mahali ambapo sikuwa nimepanga kwenda. Karibu na kanisa kuu la Alfama kuna jela ya zamani ya wafungwa wa kisiasa, Aljube, makumbusho tangu 2015. Jina hilo nalo ni la Kiarabu, na msomaji wa Qurani atalitambua mara moja: jubb, shimo la kisima, neno lile lile la kisima alichotupwa Nabii Yusuf na ndugu zake. Polisi wa siri wa Salazar waliwaweka watu humo kwenye vyumba ambavyo mtu mzima hawezi kupiga hatua tatu. Nilisimama ndani ya kimoja. Waliofungwa humo walikuwa Wareno kwa Waafrika: wafanyakazi, wanafunzi, waandishi, wazalendo wa makoloni.

Halafu nikarudi Belém, safari hii nikaipita monasteri bila kuingia. Nyuma ya mnara mweupe kuna ukuta wenye maelfu ya majina, askari wa Ureno waliokufa katika vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji kati ya 1961 na 1974. Wageni wachache hufika. Nilisoma majina mpaka macho yakachoka, na nikawa nafikiria mto Ruvuma, mpakani mwetu na Msumbiji. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Miaka ya mwisho ya sitini, mimi nikiwa mtoto mchanga, alikuwa akipeleka unga na maharage Nachingwea, kwenye kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na ambacho kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu la kitabu Dar es Salaam hiyo hiyo tarehe 3 Februari 1969. Wapiganaji waliokula unga ule walivuka mto. Baadhi ya vijana ambao majina yao yako ukutani walikuwa wakiwasubiri upande wa pili.

Na vita hivyo ndivyo vilivyoikomboa Ureno yenyewe. Maafisa vijana waliochoshwa na kupigana Afrika kwa miaka 13 waliupindua udikteta alfajiri ya tarehe 25 Aprili 1974, na watu wa Lisbon wakawatia maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Ua hilo Wareno huliita cravo. Karafuu nayo huiita cravo. Kila mwaka wanaadhimisha siku ile kwa haki kabisa, na ningependa wakati wanapoitaja wataje na Nachingwea, kwa sababu sehemu ya uhuru wao ilipikwa kwenye masufuria ya Mkoa wa Lindi.

Siwasemi Wareno kana kwamba wamelala. Mwaka 2018, uongozi wa jiji la Lisbon ulipotaka kujenga makumbusho ya "Ugunduzi", wasomi zaidi ya 100 waliandika barua ya wazi kulipinga jina hilo. Katika mji wa Lagos, ambako mwaka 1444 walishushwa Waafrika 235 wakagawanywa kama mifugo mbele ya mwanamfalme Henrique, sasa kuna jumba la kumbukumbu ya utumwa. Na ilikuwa mwaka 2009, walipokuwa wakichimba mahali pa kuegesha magari, walipoifukua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 waliotupwa kwenye jaa la mji. Mjadala upo kwao, mkali, mezani na magazetini. Tatizo ni kwamba kiti chetu kwenye meza hiyo kiko tupu. Waangola wapo, Wacape Verde wapo, Wabrazili wapo. Sisi wa Kilwa, Mombasa na Malindi, ambao tumo kwenye kurasa za mwanzo kabisa, hatupo.

Nimeulizwa kama dhahabu ile irudishwe. Jibu langu ni kwamba nataka ije. Ije hata kwa miezi mitatu, iwekwe Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam chini ya ulinzi wowote watakaoutaka, na mabasi ya shule yatoke Kilwa kwenda kuitazama, na wageni kutoka Zimbabwe na Msumbiji waalikwe, maana ni yao kabla ya kuwa yetu. Na kabla haijaja, picha yake ikae kwenye kila darasa la historia la Mkoa wa Lindi, mtoto afuate herufi zile kwa kidole. Hilo halihitaji mkataba wa nchi mbili. Linahitaji mwalimu na mashine ya kutoa kopi, na nimeshaanza na shule mbili.

Wiki moja baada ya kurudi nilivuka kwenda Kisiwani. Nahodha alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la tano, sasa ana watoto. Aliniamkia, akanisaidia kuingia kwenye mashua, na tulipotoka kwenye kina kifupi nikamweleza yote, ule mwanga hafifu, mitume, herufi, yule mama mlinzi. Alisikiliza huku mkono uko kwenye usukani.

"Kwa hiyo mama, dhahabu yenyewe ipo mpaka leo?"

"Ipo. Nimeiona kwa macho yangu."

"Na jina letu limo?"

"Limo."

Akakaa kimya mpaka upepo ukabadilika, akalegeza kamba, tanga likajaa.

"Na wale walioibeba kutoka kwa Amiri mpaka ufukweni wakaipakia," akasema, "hao wameandikwa?"

Nikamwambia hapana, hao hawakuandikwa. Akatikisa kichwa, akaielekeza mashua Gereza, mahali tunaposhukia.